Kuzamia baharini huku unaogopa samaki: mwongozo kwa sisi tuliokulia chini ya mlima

Nilipokuwa na miaka minane, nyumbani kwetu Moshi, mama alinipa beseni la kambare niwaoshe. Mchuuzi alikuwa amewaleta kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu ndani ya gunia bichi, wamelala kimya, nami nikaamini wamekufa. Nilipomshika wa tatu, akajipinda mikononi mwangu. Nililia hadi majirani wakaja. Baadaye sana ndipo nilipojifunza kwamba kambare ana kiungo cha kuvutia hewa na anaweza kukaa nje ya maji kwa saa nyingi bila kufa. Siku ile nilichojua ni kwamba kitu chenye utelezi kilikuwa hai na mimi sikujua.

Kwa zaidi ya miaka ishirini sikugusa samaki mbichi wala sikutia mguu kwenye maji nisiyoyaona chini. Kisha kaka yangu akaoa Unguja, na wifi yangu wa Nungwi akaanza kuniambia, "Wifi, utakuja kwetu kila mwaka ukae kivulini tu kama mgonjwa?" Ilinichukua miezi mitatu ya kujiandaa, lakini mwishowe nilizamia kwa mtungi wa hewa kwenye mwamba wa Mnemba, mita tisa chini, samaki wakiwa pande zote. Naandika haya kwa ajili ya mtu wa Moshi, Arusha, Same au Rombo anayetaka kufika pale nilipofika na hajui aanzie wapi.

Kuna jambo moja ambalo sikuambiwa na mtu, na ndilo linaloshikilia mwongozo huu wote. Kwa wengi wetu, kuogopa samaki ni kuogopa kuguswa na kitu usichokiona. Ukiwa umesimama baharini maji yamefika kifuani, kichwa kiko juu na miguu iko gizani. Hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote kwa mwoga wa samaki. Mzamiaji mwenye miwani usoni anamwona samaki akiwa mita kumi mbele, anamwona akigeuka, anamwona akiondoka. Kwa hiyo usishangae nikikwambia kwamba kuzamia kulikuwa rahisi kwangu kuliko kuogelea ufukweni. Kazi yote ni kufika huko chini ukiwa mtulivu.

Ijue hofu yako kwa undani

Kitaalamu hofu hii huitwa ikthiofobia, lakini jina halitakusaidia sana. Kitakachokusaidia ni kujua unaogopa nini hasa. Chukua karatasi uandike: kuguswa, kung'atwa, macho yasiyopepesa, utelezi, kundi kubwa linalogeuka kwa pamoja, samaki mkubwa peke yake, samaki anayetokea nyuma yako. Kila kimoja kipe alama kuanzia 0 hadi 10. Mimi kuguswa nilikupa 10, macho 6, kundi 3. Karatasi hiyo usiitupe, utampa mwalimu wako wa kuzamia.

Kama ukiona picha ya samaki unatetemeka, unakosa pumzi au hulali, muone kwanza mtaalamu wa afya ya akili. Hofu ya namna hiyo hutibika, lakini si kwa mwongozo wa kusoma.

Wengine waliobaki tunaweza kufuata njia ya kukaribia kidogo kidogo. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika habari za mtoto mdogo aliyemwita Peter, aliyekuwa akiogopa sungura. Alimpa mtoto chakula anachokipenda huku sungura akiwa mbali ndani ya kizimba, na baada ya muda akamsogeza karibu kidogo, na tena kidogo, mpaka mtoto akaweza kumshika. Hakumlazimisha. Wala wewe usikubali kulazimishwa, hasa na ndugu wanaokupenda. Hao ndio wepesi wa kukusukuma majini wakidhani wanakusaidia.

Anzia sokoni, miezi miwili au mitatu kabla

Samaki wa kuanzia yuko soko la Mbuyuni, Moshi, au soko la Kilombero kama uko Arusha. Anza na dagaa wakavu. Wiki ya kwanza simama tu mbele ya meza ya dagaa, uulize bei, uwaangalie. Wiki ya pili nunua kopo moja, nenda nalo nyumbani, chukua dagaa mmoja umweke kiganjani. Mwangalie jicho. Samaki hapepesi kwa sababu wengi wao hawana kope. Jicho lake linalowa muda wote, kope za nini? Nilipoelewa hivyo, yale macho yaliacha kuonekana kama yananikodolea.

Baada ya dagaa, nenda kwa wauza perege na sato. Hapa usijifiche. Nilimwambia muuzaji mmoja ukweli: "Mama, sinunui leo. Naogopa samaki, naomba nimguse mmoja tu." Akanawa mikono, akamshika perege kichwani akanisogezea, akasema, "Mguse, mwanangu. Hana la kukufanya." Nilimgusa kwa kidole kimoja, kutoka kichwani kwenda mkiani, maana ndivyo magamba yanavyolala, ukienda kinyume yanakwaruza na utashtuka. Nilirudi kwake mara nne. Mara ya nne nilimparua magamba mwenyewe, na nikampika.

Wakati huohuo jifunze majina ya samaki wa mwambani. Hii ni hatua ambayo wengi wangeiruka, na mimi naiona ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu samaki mwenye jina na tabia si kitu cha gizani tena. Wifi alinifundisha kwa simu, jioni moja samaki mmoja. Pono ni yule mwenye mdomo kama wa kasuku. Anaguguna matumbawe na miamba, na kinachomtoka ni mchanga mweupe, kiasi kwamba sehemu ya fukwe zile nzuri imepita tumboni mwake. Ukiwa chini utamsikia akiguguna. Chewa hukaa mahali pamoja chini ya jiwe kama mzee kwenye kiti chake. Kitatange ni bapa, wa rangi nyingi, na mara nyingi hutembea wawili wawili. Bunju hujivimbisha akitishwa. Sumu yake humdhuru anayemla, si anayemtazama. Taa hulala mchangani amejifukia.

Mkunga nakuelezea zaidi kwa sababu anatisha watu bure. Anatoa kichwa pangoni na kufungua mdomo wenye meno, anafunga, anafungua. Anapumua. Ni lazima apitishe maji kwenye matamvua yake, na hiyo ndiyo namna yake. Usipoingiza mkono kwenye tundu lake hana shughuli nawe.

Na kikande: wengi hawana neno, lakini wako wale wakubwa ambao wakati wa kuzaa hulinda kiota chao mchangani na wanaweza kukufukuza. Eneo analolilinda linapanuka kadiri unavyopanda juu, kama faneli. Kwa hiyo ukifukuzwa usipande. Ogelea ukiwa kwenye kina kilekile, uondoke pembeni. Mwalimu mzuri anajua viota viko wapi na hapeleki wageni huko.

Chemka: mtihani ulio karibu na nyumbani

Sisi wa Kilimanjaro na Arusha tuna bahati ambayo watu wengi hawaioni. Pale Chemka, chemchemi za Kikuletwa, unafika kwa kushuka Boma Ng'ombe na kuchukua bodaboda kwenda upande wa Rundugai. Barabara ina vumbi, kisha ghafla unakutana na mikuyu yenye mizizi inayoingia kwenye maji ya kibuluu unayoyaona mpaka chini. Ndani yake kuna visamaki vidogo, vingi vifupi kuliko kidole, vinavyokuja kudonoadonoa ngozi ya miguu.

Nenda siku ya kazi asubuhi, siyo Jumapili. Kaa kwenye mzizi au jiwe, tumbukiza miguu hadi vifundoni, uvitazame vikija. Usiondoe macho. Lengo la siku ya kwanza ni dakika moja. Mimi nilitoa miguu baada ya sekunde chache, nikairudisha, nikaitoa, nikairudisha. Nilipoondoka nilikuwa nimekaa dakika tano, na alama yangu ya kuguswa ilishuka kutoka 10 hadi 7. Safari ya pili nilivaa miwani ya maji nikaingiza uso nikiwa nimeshika kamba. Hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu lile nililokueleza mwanzoni: uso ukiwa ndani ya maji, hofu ilipungua. Ukiwa huogelei vizuri usiende peke yako na usitoke ukingoni.

Tafadhali, usifanyie zoezi hili Ziwa Chala wala mtoni popote kwa kubahatisha. Kwenye maji yenye mamba, kuogopa ni akili.

Bwawa la kuogelea

Hoteli kadhaa za Moshi na Arusha huruhusu mtu wa nje kuogelea kwa kulipa. Sheria za majaribio ya kuzamia hazidai uwe mwogeleaji hodari, kwa sababu jaketi la hewa litakuelesha. Hata hivyo mimi nashauri ujue angalau kuelea chali na kuogelea upana wa bwawa, kwani mtu anayeogopa samaki na maji kwa wakati mmoja amebeba mizigo miwili.

Fanya mambo matatu hadi yawe kawaida. Pumua kwa mdomo tu, huku pua imefunikwa na miwani ya kuzamia. Weka uso majini na utoe pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Hesabu mbili ukivuta, nne ukitoa. Kisha acha maji yaingie kidogo kwenye miwani, inua kichwa kidogo, bonyeza ukingo wa juu, toa hewa kwa pua hadi maji yatoke. Hilo la mwisho linawakera wengi na ndilo linalowarudisha boti. Lifanye mara ishirini bwawani, ili baharini usilifikirie.

Daktari wa masikio

Hapa sitabembeleza. Vituo vya kuzamia vitakupa fomu ya maswali ya afya: pumu, moyo, kifafa, upasuaji wa karibuni, matatizo ya masikio, kisukari, dawa unazotumia. Jibu kweli, na kama kuna lolote nenda kwa daktari kabla ya kukata tiketi. Mjamzito hazamii. Mwenye mafua hazamii, kwa sababu njia ndogo inayounganisha sikio na koo huziba, na kiwambo cha sikio kinaweza kupasuka.

Sababu ni mgandamizo. Ukifika mita 10 tu, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu ya maji. Unasawazisha masikio kwa kubana pua na kusukuma hewa taratibu mpaka usikie mlio mdogo. Anza kufanya hivyo mara tu kichwa kinapozama, na urudie kila nusu mita hivi, kabla maumivu hayajaja. Ukihisi maumivu usijikaze kisabuni. Panda kidogo, jaribu tena. Sisi wa kupanda na kushuka milima tunaijua hali hii: ukitoka Marangu kwenda Himo kwa gari masikio huziba. Majini ni vilevile, ila kwa kasi kubwa zaidi.

Siku, mwezi na mahali

Watu wa pwani wanahesabu bahari kwa upepo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi huvuma katikati ya mwaka, na kusi kikikaza pwani ya mashariki ya Unguja huchafuka. Masika, Machi hadi Mei, ni mvua. Kwa mgeni mwenye hofu, ningechagua Oktoba au mapema Novemba, au Januari na Februari.

Tazama na mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji hujaa na kupwa sana na mikondo hukaza. Mwezi ukiwa nusu ndipo huwa maji mafu, na bahari hutulia. Wavuvi wote wanajua, waulize. Mimi nilipanga likizo yangu kwa kalenda ya mwezi na sijutii.

Mahali: Chumbe, hifadhi ya matumbawe karibu na Mji Mkongwe, hairuhusu kuzamia kwa mtungi, lakini unaweza kuelea kwa miwani na mrija ukiwa na mwongozaji, na hilo ni daraja zuri la kati. Mnemba, kaskazini mashariki ya Unguja, ina sehemu za kina kidogo na boti nyingi. Uzuri wake ndio udhaifu wake, kwani kuna watu wengi. Mafia, ambako hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania ilianzishwa mwaka 1995, ina ghuba tulivu ya Chole. Kati ya Oktoba na Machi huko huja papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayekula viumbe vidogo vinavyoelea. Sikushauri uanze naye. Pemba ina kuta za matumbawe zinazoshuka hadi usipoona mwisho, waachie wazoefu.

Kuhusu njia, utachagua mwenyewe: basi au treni hadi Dar kisha boti, au ndege ndogo kutoka Kisongo au KIA. Njia ya kwenda haina shida. Ya kurudi ina masharti, nayo nitaieleza mwishoni.

Kumchagua mwalimu

Mara yangu ya kwanza nilikosea hapa. Nilijiandikisha kwa kijana aliyenikuta ufukweni, kituo sikitaji, akaniambia, "Hakuna matata dada, samaki hawana noma." Asubuhi tulikuwa wageni wanane na mwalimu mmoja. Hakukuwa na zoezi la bwawani wala la maji mafupi. Tulielezwa dakika kumi njiani huku injini ikinguruma. Boti iliposimama, mashua ya jirani ilikuwa inarusha mkate majini, na samaki wenye mistari myeusi na ya njano walijaa kama siafu. Nilivua jaketi nikasema siendi. Pesa haikurudi. Niliona haya siku nzima, lakini leo najua kwamba kukataa kule kulikuwa sahihi, na nakuomba ukumbuke: unaweza kukataa ukiwa tayari umevaa kila kitu, unaweza kukataa ukiwa umekaa ukingoni mwa boti.

Kabla ya kulipa, nenda kituoni kwa miguu yako uulize. Mwalimu ana cheti kinachotambulika, na anaweza kukionyesha? Nitakuwa peke yangu naye? Lipia zaidi kwa hilo kama ni lazima. Punguza hoteli, usipunguze mwalimu. Tutaanzia bwawani au maji mafupi? Boti ina oksijeni? Chemba ya mgandamizo ya kutibu wazamiaji iliyo karibu iko wapi, na mtu hufikishwaje? Bei ina ada ya hifadhi na vifaa vyote, na je, kuna bei ya mkazi? Mtu anayekasirishwa na maswali haya si wa kukushika mkono chini ya bahari.

Kisha mpe ile karatasi. Mwambie, "Naogopa samaki, na hiki ndicho kinachonitisha zaidi." Mwalimu wangu wa pili, kijana wa Matemwe, aliisoma yote, akauliza kimya kimya, "Dada, wakikaribia unataka nikae mbele yako au ubavuni?" Hapo nilijua nimefika kwa mtu. Mwombe mkubaliane mambo manne: mwanzo uwe kwenye mchanga mtupu, mbali na mwamba, asimguse wala kumchokoza kiumbe yeyote, mkate usirushwe majini, maana samaki wanaolishwa huwafuata watu, na muwe na ishara yenu wenyewe ya hofu. Sisi tulikubaliana kiganja kifuani: simama, nisubiri nipumue.

Omba pia suti ndefu inayofunika mikono na miguu. Kwa mwenye kuogopa kuguswa, kitambaa kinene mwilini ni utulivu mkubwa kuliko maneno yoyote. Kwa dada anayejistiri, suti hiyo inafunika vizuri, na ndani unaweza kuvaa nguo ndefu inayobana.

Siku yenyewe

Lala mapema, usinywe pombe tangu jana yake, kula mkate au chapati na chai nyepesi. Kwenye boti kaa katikati, tazama upeo wa macho.

Vifaa havina siri. Mtungi unaotumika sana una lita 12, umejazwa hewa ya kawaida kwa mgandamizo wa kama ba 200 (ba ni kipimo cha mgandamizo). Kifaa cha mdomoni kinakupa hewa kila ukivuta. Mtambo wa aina hiyo ulibuniwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan. Jaketi hujazwa hewa ili uelee. Mkanda wenye vipande vizito vya madini ya risasi hukushusha. Geji hukuonyesha hewa iliyobaki, na kanuni ya kawaida ni kuwa juu ukiwa bado na ba 50.

Sheria moja inazidi zote: usibane pumzi kamwe. Hewa iliyo mapafuni hutanuka unapopanda, na ukiibana inaweza kupasua mapafu hata kwenye kina kifupi. Mtu anayeshtushwa na samaki hubana pumzi bila kujua. Ndiyo maana tulifanya zoezi la kutoa pumzi ndefu bwawani. Samaki akikushtua, jibu lako liwe kutoa mapovu. Na mapovu hayo yana faida ya pili: samaki wengi hawayapendi, husogea.

Ishara za mikono zijue kabla. Kidole gumba na cha shahada vikiunda duara ni "niko sawa". Gumba juu, ambalo mtaani ni "poa", chini ya maji maana yake ni "tupande". Usilichanganye, utajikuta unapandishwa wakati unafurahi. Kiganja kikiyumbayumba ni "kuna tatizo", kisha unaonyesha wapi.

Tulipiga magoti kwenye mchanga, mita mbili. Kaa hapo hata dakika kumi kama unahitaji. Sikiliza pumzi yako. Toa kifaa mdomoni, kirudishe, puliza. Jaza miwani maji nusu, yatoe. Ukimaliza na moyo umetulia, sema ndiyo; ukiwa bado, sema bado.

Sasa samaki. Jua mapema kwamba maji yanadanganya macho: kupitia kioo cha miwani, kila kitu huonekana kikubwa kwa kama theluthi moja na karibu zaidi kwa kama robo. Samaki unayemwona ana urefu wa mkono wako ni mfupi kuliko hivyo, na yuko mbali kuliko unavyodhani. Nilijisemea hivyo kwa sauti ndani ya kichwa: "mdogo, mbali, mdogo, mbali." Vilevile sauti majini husafiri zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, hivyo hutajua inatoka wapi. Ukisikia mgugunio, usigeuke huku na huku. Ni pono anakula.

Samaki wa kwanza kuja alikuwa kitatange, na mwenzake nyuma. Nilimtaja jina. Niliweka kiganja kifuani, mwalimu akasimama, nikahesabu mbili na nne, mbili na nne. Wale wawili wakageuka ubavu, wakaenda. Hawakuwa na habari nami kabisa, na sijui kama naweza kukueleza faraja ya jambo hilo: miaka yote nilidhani wanakuja kwangu, kumbe wana safari zao.

Mikono iweke imekunjwa kifuani au imeshikana. Usishike mwamba, usisimame juu ya matumbawe. Ni viumbe hai na mengine huwasha, na baadhi ya samaki wenye miiba yenye sumu hukaa wametulia wakifanana na jiwe. Asiyegusa chochote hachomwi. Hatari hiyo, kwa kweli, iko zaidi kwa anayetembea peku ufukweni maji yakipwa, hivyo huko vaa viatu.

Majaribio ya kuzamia kwa asiye na cheti huishia mita 12, na si lazima uzifikie. Dakika ishirini kwenye mita tano ni safari kamili. Ukitaka kupanda, toa gumba juu, na mpande wote wawili taratibu, ukipumua, bila haraka. Usikimbilie juu hata umwone nani.

Kurudi nyumbani, ambako ni juu

Hili ndilo waandishi wa pwani husahau kutuambia, kwa sababu wao wanakaa usawa wa bahari. Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, asilimia 78, ni naitrojeni. Ukiwa chini kwenye mgandamizo, naitrojeni huyeyuka damuni na kwenye nyama za mwili. Ukipanda taratibu inatoka kidogo kidogo kwa pumzi. Ukienda mahali pa juu mapema mno, inaweza kutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla, na kuleta maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, hata kupooza.

Mwongozo unaotumika ni kusubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege kwa aliyezamia mara moja, na angalau saa 18 kwa aliyezamia zaidi ya mara moja au siku mfululizo. Mimi nakuomba uhesabu saa 24 kamili. Ndege ndogo nyingi zinazorudi Kisongo hazidhibiti mgandamizo ndani, na Arusha yenyewe iko kama mita 1,400 juu ya bahari. Moshi ni kama 900. Hata wa basi wanahusika, kwa kuwa barabara inapanda kuanzia Korogwe. Usizamie asubuhi ukalala garini kwenda Moshi usiku huohuo.

Mpango wangu ulikuwa hivi: nilitoka majini Alhamisi saa tano asubuhi. Ijumaa yote nilikuwa Mji Mkongwe, nikitembea na wifi, maji ya kunywa mkononi, jioni Forodhani. Jumamosi asubuhi ndipo nikapanda ndege. Kama una ratiba ya kupanda Kilimanjaro kwenye likizo hiyohiyo, mlima utangulie na bahari ifuate. Lango la Marangu peke yake lina zaidi ya mita 1,800.

Ukihisi maumivu yasiyo ya kawaida kwenye viungo, ganzi, au uchovu mkubwa ndani ya siku moja au mbili baada ya kuzamia, piga simu kituoni na uende hospitali, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe: "Nilizamia kwa mtungi, siku fulani, kina fulani, dakika kadhaa." Yaandike hayo matatu kwenye karatasi ileile ya hofu, ukiwa bado boti, kabla nywele hazijakauka. Yangu nyuma imeandikwa: Alhamisi, mita 9, dakika 27, kitatange wawili, pono, chewa mmoja, bunju, mkunga. Kuguswa: 3.